Mji Unaojengwa Ndani ya Siwema

Mwalimu Siwema anapitiwa na usingizi saa nne asubuhi, katika ofisi ya walimu, kichwa juu ya madaftari ya darasa la tano, bado ana hasira, maana sasa hivi tu Mwalimu Mkuu, Bwana Mhina, amemwambia mbele ya wenzake kwamba mimba ya wiki tisa si ugonjwa, kwamba kutapika na kusinzia kwake ni uvivu uliopata kisingizio. Anafumba macho asije akamjibu vibaya, na sakafu inalainika, na sasa anatembea kwenye barabara isiyo na mwisho, kila hatua ikizidi kupanda, na pembeni yake yuko mwanamke asiye na uso. Huku ni wapi? anauliza. Ni kwako, anajibu yule mwanamke, ila hujawahi kukaribishwa. Watu wanawapita mbio, juzi walikuwa hamsini, leo mia, wote wanaelekea kwenye kibanda cha manjano wakipiga kelele, usizime moto, usizime moto. Ni homoni ya mimba, wale wanaoonekana kwenye kipimo cha mkojo, anasema mwanamke, wametumwa kwenye kibanda kile cha ovari yako kuiamuru iendelee kutengeneza projesteroni, homoni inayoitunza mimba, na wengi huwashuku wao kwa kutapika kwako. Mara kelele zinafifia, wakimbiaji wanapungua. Siwema anashtuka. Mbona wanapungua, mtoto amekufa? Aliyekuwa akiomba moto akipata jiko lake, anasema mwanamke, ataendelea kupiga hodi? Kibanda kinazimika, barabara inajikunja, na mbele yao umesimama mji wa vioo, na katika kila kioo Siwema anajiona ana tumbo kubwa zaidi. Hili ndilo kondo lako la nyuma, anaambiwa, sasa linajipikia homoni lenyewe. Milangoni yanatiririka maji ya vuguvugu, projesteroni na estrojeni, yanampanda wiki baada ya wiki, magotini, kiunoni, kifuani, misuli inalegea, chakula kinakawia tumboni, kope zinakuwa nzito. Ndani ya kioo kimoja mkono wa kondo unaizuia sukari isiingie kwenye misuli yake, ibaki kwenye damu, imfikie mtoto. Nani amewaruhusu? anafoka Siwema. Ulikuwa umelala, anajibu mwanamke. Nilikuwa nafundisha! Nasimama vipindi sita, mji mzima unajengwa ndani yangu, halafu naitwa mvivu! Na maji haya yataishia wapi? Siku kondo litakapotoka, anasema mwanamke, yatashuka yote, kwa siku chache tu. Hapo Siwema anamkumbuka dada yake Zamda, aliyelia siku ya tatu baada ya kujifungua, ndugu wakasema hampendi mwanawe. Mnamjaza mtu miezi tisa, anapiga kelele, mnamkausha kwa siku tatu, na hamwachi hata shahidi wa kumtetea! Shahidi si wewe? anauliza mwanamke, na vioo vyote vinapasuka kwa pamoja.

Siwema amesimama mbele ya Bwana Mhina, hajui ameinuka lini, na anasikia sauti yake mwenyewe ikisema: Mwalimu Mkuu, vipindi sita mfululizo sifundishi tena, na utaniomba radhi mbele ya hawa hawa ulionidhalilisha mbele yao. Bwana Mhina anawatazama walimu wengine. Mwombe tu radhi, Mwalimu Mkuu, anasema Mwalimu Veronika bila kuinua macho kutoka kwenye mitihani anayosahihisha. Samahani, anasema Bwana Mhina. Siwema anaitazama midomo yake, maana hana hakika kama neno hilo limesemwa hapa ofisini au kule alikotoka. Rudia, anamwambia.