Jina Alilolijua Opsius

Tangu asubuhi Opsius alikuwa amekumbatia wauza nyama wanane, mafundi viatu wasiohesabika na kinyozi mmoja aliyenuka vitunguu, na wote walibaki na weupe mabegani. Ndivyo walivyo wagombea wa Praeneste, mji ulio jirani na Roma. Joho hupakwa chaki mpaka ling'ae, na kila anayekumbatiwa huondoka na alama. Watu huipenda, wanarudi nayo nyumbani bila kujikung'uta ili majirani waone.

Nyuma ya sikio lake la kushoto alitembea Dama, mtumwa mwenye kazi moja tu, kujua majina. Mtu akisogea, Dama ananong'ona kwamba huyu ni Rufio, mkewe kajifungua juzi. Opsius anafungua mikono. "Rufio, ndugu yangu, mama na mtoto hawajambo?" Utadhani hakupata usingizi kwa kuwawaza. Mchezo huo kila mtu sokoni aliujua, na hakuna aliyeuchukia.

Kulia kwake alitembea Cervidius, mzee wa baraza la mji, ambaye nyuso za nta za mababu zake waliowahi kushika vyeo zilijaza kuta za ukumbi wake. Bila Cervidius, Opsius asingeambulia kitu kwenye uchaguzi wa kesho. Na Cervidius aliamini kwamba kijana huyu ametoka kwa watu wenye mashamba huko kusini. Opsius hakumwambia hivyo, alimwacha tu aamini.

Adhuhuri alipanda ngazi za hekalu akahutubia, na tuseme ukweli, alihutubia vizuri. Alisema cheo hakimgeuzi mtu, kinamvua nguo tu watu wakamwona alivyo. Alisema anayetaka kumjua mtawala amtazame anavyomsalimu yule asiyeweza kumsaidia kitu. Makofi yakapigwa. Chini ya joho, vidole vyake viwili vilikuwa vikigonga paja, polepole, kama alivyozoezwa.

Aliyemzoeza alikuwa amesimama pale chini, kwenye koti lake jeusi la miaka yote. Menofilus alikuwa mtumwa zamani, akaachwa huru, akawa anafundisha watoto kusoma kwenye baraza la soko la samaki huko kusini, kabla ya kuhamia Praeneste. Miaka thelathini nyuma, muuza samaki wa chumvi alimletea mwanawe mwenye kigugumizi, mtoto asiyeweza kutaja hata jina lake. Kila jioni kwa miaka mitatu mwalimu alimtembeza. Gonga paja kwanza, halafu neno. Hakudai malipo. Na hayo maneno matamu ya cheo na salamu, mtoto aliyapata huko huko.

Mzee akapenya katikati ya watu, macho yamemlowa kwa fahari.

"Kigugu wangu," alisema. "Leo hukukwama hata mara moja."

Cervidius akageuka. "Mnajuana na huyu?"

Opsius aliliona pipa la samaki la baba yake kana kwamba limewekwa pale katikati ya uwanja. Akainamisha sikio kwa Dama.

"Nani huyu?"

Dama, ambaye kila sikukuu ya Desemba ndiye aliyepeleka zawadi za Opsius nyumbani kwa mzee huyo, alinong'ona kama anavyonong'ona jina la mgeni yeyote. "Menofilus, bwana. Mwalimu."

"Aa, Menofilus," Opsius akasema, akampa ncha za vidole. "Ahsante kwa kuja, mzee. Tusaidie kesho."

Wakaendelea na njia. Kwenye koti jeusi hakukuwa na hata chembe ya chaki.

"Ukishika cheo," Cervidius alisema, "kila kizee kitadai kilikufundisha."

Opsius akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomwandama mchana kutwa. Kila mtu baada ya hapo Opsius alimkumbatia kwa aibu, na alitamani Dama amtazame, hata kwa hasira. Dama hakumtazama.

Jua lilipoanza kushuka, alipanda peke yake ngazi za ghorofani kwa Menofilus, bado amevaa joho lake. Chreste, mke wa mzee, alifungua mlango. "Karibu, bwana," alisema. Siku nyingine zote alimwita mwanangu.

Menofilus alikuwa akila dengu. Aliweka kijiko.

"Usijisumbue, mwanangu. Nimemwambia Chreste, mtu anayesalimu watu elfu kwa siku lazima asahau baadhi. Umesahau tu. Na kura yangu kesho ni yako, niliahidi."

Mlango huo wa kujitetea ulikuwa wazi, na Opsius, mtu mzima, akaukimbilia.

"Ndiyo, Mwalimu. Uchovu tu. Nilisahau."

Mzee aliinamisha macho. Alikuwa akiangalia mkono wa Opsius. Opsius naye akatazama. Vidole viwili vilikuwa vikigonga paja.

"Mchana pia vilikuwa vikigonga," Menofilus alisema, "ulipomuuliza yule mtumwa. Nikajiambia macho yangu yamezeeka, maana aliyesahau hana haja ya kugonga ili aulize jina. Haya, sema tena. Polepole."

Neno likamkwama Opsius kama miaka ile ya barazani. Akagonga. Akagonga tena.

"Ni-ni-nilikujua," alisema. "Niliona haya kwa ajili ya s-samaki, na kwa ajili yako. Nilikujua, Mwalimu."

"Sasa umesema," alisema Menofilus.

Akachukua kijiko chake akaendelea kula. Opsius alibaki amesimama mbele ya meza, chaki ikidondoka sakafuni kwa Chreste, akisubiri aambiwe aketi. Hakuambiwa.