Mega Nne za Kumwona Mjukuu

Mimi Kadzo, katibu wa kikundi cha akina mama cha Timbwani, nasema mapema kwamba kosa lilikuwa la Absalom. Ni fundi mzuri wa kompyuta, lakini hajui wakati wa kufunga mdomo.

Mwaka wa tisini na nane wafadhili walitupa kompyuta. Haijatimiza mwezi, Mwanatabu akaja mbio na disketi iliyotoka Muscat. Bintiye Mwanarusi alikuwa amejifungua, na kwa kuwa siku hizi anafanya kazi ofisini, picha ya karatasi ameiona ushamba. Tukaifungua. Mtoto akatoka kijani kibichi, na masikio ya zambarau.

"Ni mgonjwa?" Mwanatabu akauliza. Huyo ndiye mjukuu wake wa kwanza, na Mwanarusi hajatia mguu Likoni miaka mitatu.

Absalom akamtuliza: mtoto ni mzima, mashine ndiyo imebaniwa. Akaizima, akaiwasha huku anabonyeza kitufe kimoja, ukatokea ukurasa wa buluu ambapo mashine hupangiwa mambo yake kabla haijaamka sawasawa.

"Memori yote ni mega kumi na sita, mama," akasema. "Picha imepewa nusu mega tu. Nikiiwekea nne, rangi zote zitatoka. Lakini hizo zinakatwa kwenye memori ya kazi."

Angebonyeza tu akanyamaza! Sisi wanachama ni kumi na sita. Rosalia, mwekahazina wetu, akatazama dari, akatazama vidole vyake, akasema: "Basi kila mtu ana mega yake moja."

Hakuna aliyepinga. Hata mimi niliyefika darasa la saba niliona ni haki tupu. Mwanatabu alikuwa na yake moja. Tatu azichangishe, na kila mtoaji atie sahihi kwenye daftari langu. Absalom alijaribu kueleza kwamba mega si ya mtu, tukamkumbusha kwamba yeye si mwanachama.

Rosalia akatoa yake. Mimi nikatoa yangu, nikajiona mkarimu. Waliobaki wakawa mikono ya birika. Mmoja alisema yake anaiweka akiba ya uzeeni. Mwingine alikwisha kumwahidi dadake wa Ukunda. Wa tatu alikubali kutoa robo, tena ya kuazima. Siku nne Mwanatabu alizunguka mlango kwa mlango na goti lake bovu, akiomba kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Nilimwonea huruma, nikawakasirikia wenzangu, lakini kanuni ni kanuni; niliziandika mwenyewe.

Akabaki mwanachama mmoja, Mwanabibi. Hawa wawili ni wakwe: mwana wa Mwanabibi ndiye aliyemuoa Mwanarusi. Siku ya harusi Mwanabibi alisema mbele za watu kwamba pilau ya akina bibi harusi ni mchele uliopitiwa na nyama, na tangu hapo hawasalimiani. Disketi yeye hakutumiwa.

Mwanatabu akaenda, akapiga hodi. Nilikuwapo na daftari langu.

"Nipa mega yako, Mwanabibi."

"Nikikupa, robo ya picha ni yangu."

"Robo ipi?"

"Nitaichagua nikiiona."

Jumamosi tukajaa chumba cha kompyuta. Absalom akaweka nne, mashine ikaamka. Picha ikaanza kushuka mstari kwa mstari kutoka juu. Kikaja kipaji, zikaja nyusi. Mwanabibi alisimama nyuma, mikono kiunoni, akingojea robo yake. Yakaja macho, ikaja pua, kisha mdomo uliopinda upande mmoja, wa mtu asiyeridhika na dunia. Chumba kizima kikageuka kumtazama Mwanabibi. Mtoto alikuwa yeye mtupu, wala hapakuwa na robo ya kuchagua.

Mwanatabu akaitazama picha, akamtazama mkwewe, akairudia picha.

"Wallahi," akasema, "siku nne namtafuta mtu ambaye nampita njiani kila siku."

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Mwanabibi hakucheka. Alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote, maana naye alikuwa hajamwona mwanawe miaka hiyo mitatu. Mwanatabu akajisogeza kwenye benchi, akapapangusa pale pembeni yake kwa ncha ya leso.

"Kaa, mkwe," akasema. "Anakuangalia wewe."