Mshika Uzi

Mgeni aliingia karakanani kinyumenyume, akiburuta mzigo mrefu uliofungwa kwa kamba, kwa hiyo kitu cha kwanza walichokiona kilikuwa mgongo wake.

"Mteja huyo," alisema daktari wa meno. "Na amekuja na maiti."

"Nyamaza wewe," mjomba alimjibu. "Si kila anayelala chali ni wa kwako."

Walikuwa wameizunguka ramani iliyotandazwa juu ya boneti, imekandamizwa kwa spana kila pembe ili feni isiipeperushe. Alikuwapo mjomba, mwenye karakana na mwenye gari la kwanza. Alikuwapo daktari wa meno, mwenye gari la pili na maneno mengi, pamoja na mkewe. Mwalimu wa hesabu naye alikuwapo, anakula karanga na kutia maganda mfukoni mwake mwenyewe, maana mjomba hakupenda uchafu kwake. Na katikati yao alisimama msichana aliyeshika penseli, mpwa wa mjomba, ambaye wote walimwita Dira.

Jina hilo alipewa kwa kejeli. Utotoni alikuwa bingwa wa kupotea: ukimtuma chumvi jikoni, anaibukia uani kwa jirani. Labda ndiyo sababu alikuja kuzipenda ramani kama wenzake walivyopenda peremende. Alisomea jiografia mpaka akavaa joho, na tangu alipolivua joho alikuwa akifagia karakana ya mjomba wake, akingoja dunia imwite. Juu ya kitanda chake alibandika picha ya milima ya jangwani, myekundu, imechongoka kama meno ya msumeno. Alijua ni wapi korongo linabana mpaka gari halipiti, na ni wapi mchanga unameza matairi. Alijua kila kitu kuhusu milima ile, isipokuwa harufu yake, kwa kuwa hakuwahi kufika.

Safari hii ya kwenda huko ilikuwa yake. Mjomba alimwambia, "Panga wewe. Ukitufikisha juu ya ule ukingo wa milima na kuturudisha wazima, msimu wote wa safari nakukabidhi, na mshahara juu." Tangu siku hiyo Dira alilala na ramani chini ya mto.

Mgeni aligeuka, akajifuta jasho. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi mweusi.

"Shikamoo mama," alisema Dira.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa wale watu wa jangwani?"

"Ndipo. Karibu."

"Mliagiza mahema matatu kwa bosi wangu. Mkapewa mawili, mkaambiwa la tatu ataleta mtu." Aliupiga mzigo kofi dogo, kama mtu anayemtuliza mtoto. "Mtu mwenyewe ndiye mimi."

Walimshukuru. Mjomba alimpa kiti, daktari akampa maji. Lakini mama yule hakukaa wala hakuaga. Aliyatazama mahema mawili yaliyokuwa yamesimamishwa uani kwa majaribio, akatoka taratibu, akaanza kuyapitishia vidole kwenye mishono.

"Yamesimama vizuri," mwalimu alimwambia. "Ukiona vyaelea, vimeundwa."

"Na ukiona limesimama, limeshonwa," mama alijibu, akacheka. Kisha akamgeukia Dira. "Hebu niambie, mwanangu. Likipigwa na upepo huko mlimani, linaliaje?"

Katika vitabu vyote alivyosoma Dira, hilo halikuwamo.

"Kwani wewe mama hujawahi kulala kwenye hema?"

"Mimi? Nilianza kushona mahema kijana wangu wa kwanza yuko mgongoni. Sasa ana ndevu. Nashona, nakunja, yanakwenda. Wenye kulala ni wengine." Alinyanyua mabega. "Mpishi asiyeonja, ndiye mimi."

Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake. Lakini Dira aliikumbuka picha iliyo juu ya kitanda chake, na neno likamtoka kabla hajalipima.

"Twende wote, mama. Nafasi ipo kwenye gari la daktari, nyuma yangu. Utalala ndani ya hema lako, juu ya ukingo. Nakuahidi."

Feni ikatikisa ramani kati ya spana.

"Dira," alisema mjomba polepole, "unaalika watu kama unagawa karanga."

"Karanga zenyewe ni zangu," alisema mwalimu, "na mimi nakubali aje."

Daktari alihesabu viti kwa kidole, akakuta kweli kimoja ni kitupu. Mama alipofika getini tayari alikuwa na jina jipya. "Karibu kundini, Mama Turubai!" daktari alimpigia kelele, na mama akaenda kinyumenyume tena, akipunga mkono.

Jioni zilizofuata, akitoka kazini, Mama Turubai alipitia karakanani. Aliomba ruhusa kwa bosi wake, akapewa kwa shingo upande. Aliazima viatu vya kijana wake mwenye ndevu, akavijaza vitambaa mbele ili vimkae. Aliposikia spana za mjomba zinalia ndani ya sanduku, alizishonea mfuko wa turubai wenye vijumba, kila spana na chake, na mjomba, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, akaushika mfuko ule, akaanza kuzipanga spana ndani yake moja moja.

Dira alimfundisha mama kusoma ramani, mama akamfundisha Dira kufunga kamba kwa fundo lisiloteleza. Na Dira alimweleza mama desturi yao moja ya zamani. Kila safari huwa na mshika uzi: mtu mmoja anayebaki nyumbani na nakala ya ramani. Kila jua linapozama, wasafiri humpigia kwa simu ya setilaiti na kumwambia walipo. Jua likizama bila simu kulia, yeye ndiye anayewatafutia msaada. Kazi hiyo hakuna aliyeipenda. Safari hii alikuwa ameishika shangazi, mke wa mjomba, aliyesema kwamba vumbi la karakana lilimtosha na wala hakuwa na haja ya kulifuata jangwani kwao.

Walikwenda kujaribu magari kwenye machimbo ya mawe nje ya mji. Walipanda kifusi, wakashuka, wakapanda tena. Gari la daktari, lililopewa kazi ya kubeba maji, lilipanda kama mbuzi. Dira alilipigia makofi. Kila kitu kilikuwa mahali pake: mahema kwenye keria, masanduku ya chakula, madumu ya maji yamepangwa nyuma na kufungwa mikanda.

Ila madumu yalikuwa matupu.

Si kwamba hakuna aliyejua. Kila mmoja alijua. Daktari hakutaka maji yamwagikie magodoro yake mapya. Mwalimu alidhani uzito umeshapigiwa hesabu. Mjomba alidhani mpwa wake ana sababu. Na Dira, mwenye safari, alijiambia leo ni majaribio tu, akasahau kwamba majaribio ndiyo kazi yenyewe.

Alasiri ya kuamkia safari waliyajaza. Dumu la kwanza, la pili, yakaendelea kuingia, na gari la daktari likawa linachuchumaa kidogo kidogo, mpaka likakaa kitako kama ngamia aliyegoma. Mjomba alilala chini, akamulika tochi. Springi zimelala, tairi za nyuma zinagusa bodi.

"Hapa hatufiki hata machimboni," alisema akijipangusa.

Wakaanza kushusha. Viti vya kukunja vya daktari vilishuka, na meza, na jiko la pili. Daktari alishusha hata mto wake wa kulalia, akiuaga kwa maneno mazito. Gari likanyanyuka kidogo, halikunyanyuka vya kutosha. Gari la mjomba nalo lilikuwa limeshajaa mafuta, vyuma na matairi ya akiba, hakuna pa kuchomeka hata sindano.

"Tupunguze maji?" mke wa daktari aliuliza.

"Jangwani unabishana na kila kitu," alisema mjomba, "isipokuwa maji. Kiti cha nyuma kitoke, madumu yasogee katikati. Na mtu mmoja ashuke."

Hakuna aliyetaja jina. Haikuwa lazima. Macho yote yalikwenda uani, kwenye hema la tatu, ambalo mama alikuwa amelikunja vizuri na kuliacha pembeni kabla ya kwenda kazini.

"Ataelewa," alisema daktari, kwa upole safari hii. "Dira, mama ni mtu mzima. Yale yalikuwa maneno tu. Ahadi ya mdomo haina uzito."

"Kama haina uzito," alisema Dira, "basi gari litaibeba."

"Usijifanye mjanja. Anayeijua njia ni nani? Ni wewe."

"Njia iko kwenye ramani. Nimeiandika yote."

Mjomba alimtazama usoni. "Unajua unachosema? Nilikwambia utufikishe. Sikusema ututume."

Dira aliiona akilini milima ile myekundu, akaiona kazi ya msimu mzima ikisogea mbali naye kama basi lililomwacha kituoni. Angeweza kusema ndiyo. Wote wangemwelewa, na pengine mama angekuwa wa kwanza. Na hilo ndilo lililomuuma zaidi: kwamba mama angeelewa, angevua viatu vya kijana wake, angerudi kushona kama kawaida.

"Aliyepima gari kwa madumu matupu ni mimi," alisema. "Atakayeshuka ni mimi."

Akaingia ndani kwa shangazi, akanyoosha mkono. "Shangazi, nipe uzi."

Alfajiri Mama Turubai alifika na kibegi na viatu vikubwa, akakuta Dira amevaa kandambili. Alitazama kandambili, akatazama gari, akaelewa bila kuambiwa.

"Sipandi," alisema, akaweka kibegi chini.

"Mama."

"Sipandi! Mimi nimekaa miaka yote hiyo bila hema, nitakaa tena. Hii si safari yako wewe?"

"Ni yangu, ndiyo maana nachagua nani aende." Dira aliokota kibegi. "Mama yangu, nilipima madumu matupu na aibu hiyo nimeshaibeba. Usiniache nikute hata neno langu lilikuwa tupu."

Mama alikipokea kibegi. "Nikuletee nini basi?"

"Jibu. Uliniuliza hema linaliaje kwenye upepo. Ukijua, niambie."

Alimsaidia kupanda, akamfunga mkanda, akalivuta fundo la kamba ya keria mara moja ya mwisho, lile fundo lisiloteleza. Akampa mwalimu ramani. "Usome pia nilichoandika pembeni. Kwenye mti uliokauka msiingie korongo la kushoto, hata kama linaonekana pana. Baadaye linabana."

"Nitaisoma kama karatasi ya mtihani," alisema mwalimu, na safari hii hakutania.

Magari yakatoka. Vumbi likabaki kidogo getini, kisha nalo likaondoka.

Siku hiyo Dira alifagia karakana mpaka sakafu ikaomba msamaha. Kila baada ya muda alikwenda kuitazama nakala ya ramani, akiweka kidole: sasa wako kwenye tambarare, sasa wako kwenye mti uliokauka. Na kama mwalimu hakuona maandishi? Kama herufi zake zilikuwa mbaya? Alilia kidogo nyuma ya rundo la matairi, akanawa uso, akarudi kufagia palipokuwa pameshafagiliwa.

"Keti," shangazi alimwambia jua lilipoanza kushuka, akimsogezea kikombe cha chai. "Hakuna simu iliyowahi kulia kwa kukodolewa macho."

Jua likagusa paa la jirani. Likaingia nusu. Simu kimya. Dira aliiweka mezani, akaichukua, akaiweka tena. Kilipobaki kipande chembamba tu, ikalia.

"Dira." Sauti ya mjomba ilikuwa mbali, imejaa mchanga. "Tuko juu ya ukingo. Wote wazima. Lile korongo daktari alitaka kuliingia, mwalimu akamkatalia, akamsomea mwandiko wako kwa sauti kama anamchapa. Tumekwenda mbele kidogo, tukaliona kwa juu linavyojifunga. Tungekwama, mpwa wangu."

Dira aliweka kidole kwenye ramani, pale korongo lilipobana.

"Unasikia? Mpango wako umetembea wenyewe bila wewe kuushika mkono. Safari ijayo unakaa mbele, pembeni yangu. Na madumu utayajaza mbele ya macho yangu." Akakohoa. "Kuna mtu hapa ananipokonya simu."

Kukawa na purukushani, kicheko cha daktari kwa mbali, kisha pumzi za mtu asiyezoea kupanda milima.

"Mwanangu? Niko ndani. Nimefunga zipu, niko peke yangu, nimelala chali kabisa." Alikuwa ananong'ona, kama yuko mahali pa ibada. "Na kona ya kushoto nimeishona vibaya, upepo unaingia. Nikirudi naanza na hiyo."

"Linaliaje, mama?"

"Subiri. Usiseme kitu."

Akaisogeza simu kwenye turubai. Dira alifumba macho, akaikandamiza simu sikioni. Kwanza hakusikia chochote. Kisha upepo wa mlimani ukaja, ukalishika hema, na kitambaa kikaanza kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia, na mshono ukashikilia.