Maji ya Twahara

Nchi ya Ghururi ilikuwa na chemchemi moja, iliyoitwa Twahara, na desturi moja ambayo mpaka leo naihadithia kwa hasira. Maji ya Twahara yalikuwa halali kwa waungwana peke yao. Watumwa walikunywa ya dimbwi la chini, ambamo waungwana waliosha miguu. Lakini kila asubuhi ni watumwa hao hao walioteka Twahara, wakayatwika maji na kuyamimina katika vikombe vya mabwana zao. Mkono ulioharamishiwa kunywa ulihalalishiwa kuteka! Karne tatu zilipita, wala hakutokea muungwana mmoja aliyeona haya. Nyani haoni kundule.

Ndipo akaja kwa miguu Ikhlasi, muhubiri wa Injili, siku ambazo Wakristo duniani walikuwa wachache bado. Miaka miwili alihubiri, akachekwa. Mwaka wa tatu alimpandisha chemchemini mjakazi ambaye mabwana walimwita Idhilali, akambatiza mchana kweupe, akampa jina la Karama. Kicheko kikakoma, Ikhlasi akafungwa kamba.

Hakimu Takaburi alimshitaki na kumhukumu yeye mwenyewe, maana Ghururi haikuona haja ya watu wawili kwa kazi hiyo.

“Umeyanajisi maji yetu kwa mwili wa mtumwa,” alisema. “Adhabu yake ni kupigwa mawe hadi kufa. Kiri kuwa ubatizo ule ni batili, uende zako salama.”

Hotuba ilikuwa ndefu na jua kali. Koo lilipomkauka alipiga makofi, na Karama, ambaye ilikuwa zamu yake kuhudumu barazani, akamletea kikombe. Hakimu akanywa chote.

“Mheshimiwa,” Ikhlasi aliuliza, “maji hayo ni safi?”

“Ni ya Twahara. Hayana kifani.”

“Yametekwa na nani?”

“Na mimi, asubuhi hii,” Karama alijibu, “palepale nilipobatizwa.”

“Basi ama maji ni safi nami sina hatia, ama umekunywa najisi mbele ya baraza lako. Chagua, bwana. Mimi siwezi kukiri kuwa Karama si mtu.”

Baraza zima lilielewa. Hilo ndilo linaloniudhi: walielewa, kisha wakaokota mawe. Ikhlasi alikufa adhuhuri, akiwaombea.

Asubuhi ya pili Karama alipanda chemchemini, watumwa wote nyuma yake. Alichota kwa viganja, akanywa, akauacha mtungi wa bwana wake mtupu. Walinzi waliinua mawe, wakautazama umati ule, wakayashusha.

Jua lilipopanda, kiu iliwatoa waungwana majumbani. Takaburi alifika na mtungi asiojua hata kuutwika, akajipenyeza mbele.

“Rudi nyuma, bwana,” Karama alimwambia. “Zamu yako itafika.”