Ngazi ya Mbele

Kosa ni langu, nalisema kabla hamjaniuliza. Mimi ndiye karani wa masjala katika makao makuu ya reli, na mimi ndiye niliyelitoa lile faili.

Jengo ni la wakoloni: kuta nene za mawe, matao chini, varanda juu, na mbele ngazi pana yenye mkono wa mbao uliong'arishwa. Nyuma, upande wa vyoo, kuna ngazi ya chuma ya kuzunguka, nyembamba hata watu wawili hawapishani. Baba yangu aliipanda miaka thelathini na mmoja akipeleka barua ghorofani. Ya mbele hakuwahi kuikanyaga. Ilikuwa ya wakubwa.

Ukarabati ulipoanza, msanifu majengo akaniomba nyaraka za zamani. Nikamchimbulia amri yenyewe: wafanyakazi wenyeji wapite nyuma. Nilitaka aibandike ukutani watu waone aibu. Alinishukuru sana, mshenzi yule.

Siku ya ufunguzi baba alialikwa kama mfanyakazi mkongwe. Sare aliipiga pasi mwenyewe. Wiki nzima wimbo ulikuwa mmoja: ataipanda ya mbele, hata mara moja, ndipo afe.

Tulipofika, msanifu akatuambia, meno yote nje, kwamba wazee watapita nyuma wapigwe picha, mambo yawe kama zamani. Akanionyesha karatasi. Amri yangu ile ile! Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Mimi nilichimba, akatumbukizwa baba. Nikamwambia mzee ana magoti mabovu. Akasema atashikwa mkono. Nikapandisha sauti. Mkurugenzi akasogea, akaniangalia juu mpaka chini, akauliza kama nimeichoka kazi. Nilishapandwa na mashetani. Nikamjibu ndiyo, nimeichoka, lakini baba yangu anapita hapa hapa.

Mkurugenzi akawatupia jicho wageni waliokuwa wakitusikiliza, akasema haya, apite.

Nikageuka nimshike baba mkono. Hayupo. Nikakimbilia nyuma, nikamkuta kashafika katikati ya ngazi ya chuma, anahema, kaing'ang'ania kwa mikono miwili.

"Baba, shuka. Wamekubali."

"Leo wamekubali," akasema bila kugeuka. "Kesho utarudi kazini peke yako."

Akapandisha mguu mwingine.