Mguu wa Chiriku

Siku hiyo niliingia ofisi ya ustawi wa jamii kifua mbele. Mimi ni msusi; vidole hivi ndivyo vinavyolisha nyumba, na sijawahi kumpigia mtu magoti. Nilitaka kitu kimoja tu: mzazi mwenzangu, dereva wa lori, akatwe matunzo ya mtoto kwenye mshahara wake. Kodi ya chumba ilikuwa imenikaba koo, na mwenye nyumba siku hizo alinisalimu huku akiangalia kufuli la mlango wangu.

Nilikwenda na binti yetu. Tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui likizo.

Baba yake alikuja shati limepigwa pasi, boksi kwapani. Hata hajaulizwa, akalifungua mezani. Viatu vya shule, vyeusi, vinang'aa.

"Mama, mtoto sijamtupa," akamwambia afisa, mama mtu mzima mwenye miwani. "Ila hela nikimpa huyu, zinaishia kwenye urembo. Ndiyo maana nanunua vitu mwenyewe."

Afisa akaitikia kwa kichwa. Viatu vilikuwa vizuri kweli, na nilianza kuona makato yangu yakiyeyuka.

"Avae basi, tuone," nikasema.

Chiriku akavua ndala, akaingiza vidole. Kisigino kikagoma. Akakunja vidole, akasukuma, akauma mdomo, kimya kabisa. Alitaka baba yake aonekane mkweli, na hilo liliniuma kuliko kodi.

"Acha, mwanangu."

"Vitaingia, mama. Ngoja kidogo."

Baba yake akachuchumaa amsaidie. Akaushika ule mguu, akautazama kama wa mtoto wa jirani.

"Kwani siku hizi unavaa namba ngapi?"

"Sijui, baba. Hivi vingenitosha ulipokuwa unakaa na sisi."

Alisema kwa upole tu, hakuwa anamsuta. Baba yake akabaki pale chini, kiatu mkononi.

Afisa akavua miwani. "Baba, umeajiriwa wapi?"

Akamtajia. Hakubisha hata kidogo.

Nilitoka na barua ya makato kwenye mkoba, nikitembea kama mwenye mtaa. Mlangoni Chiriku alikuwa ameshafunguka mdomo. Alitaka kujua kama baba anaweza kwenda naye dukani, akapimwe mguu.

"Kamuulize mwenyewe," nikamwambia.

Akarudi ndani mbio, ndala mkononi.