Liko Kambani

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, afisa mmoja wa Kitengo cha Marekebisho ya Vyeti alipanda juu ya kiti, akapigilia misumari minne na kutundika ubao laini wa kijani kati ya dirisha la wateja na kabati la mafaili. Alikuwa ametoka semina ya siku tano, na tangu asubuhi hiyo wenzake wakamwita Bwana Semina. Kwa utepe mweusi aliugawa ubao katika safu tatu. Juu ya safu ya kwanza aliandika Bado, juu ya pili Inafanyika, juu ya tatu Tayari. Kisha akashuka, akapangusa kiti kwa kiganja, akawaambia wenzake kwamba huo ndio mtindo wa kisasa wa kupanga kazi na unaitwa kanbani.

"Kambani?" akauliza Mzee Mhuri, ambaye kazi yake kwa miaka thelathini ilikuwa kugonga mihuri. "Tunaanika nini?"

"Kanbani, mzee. Ni neno la Kijapani."

"Haya, tuanike," akasema Mzee Mhuri, na jina likabaki hilo. Kufikia saa sita, mteja aliyeuliza faili lake liko wapi aliambiwa liko kambani, naye akaondoka ameridhika, maana kamba kila mtu anaijua.

Masharti yalikuwa machache. Kila kazi iandikwe kwenye kadi ya njano ya kunata. Mwenye kazi ndiye aisogeze kadi yake, si mwingine. Katika safu ya katikati mtu asiwe na kadi zaidi ya tatu, kwa sababu, alivyosema Bwana Semina, binadamu ana mikono miwili na hiyo ya tatu amepewa kwa heshima tu. Karani wa dirishani aliandika kadi nyingi kuliko wote, kama alivyofanya kazi nyingi kuliko wote. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alikuwa ameajiriwa kwa muda. Muda huo ulikuwa umefika miaka kumi na mmoja.

Jumanne ilijulikana kwamba ubao haupendi uongo. Kadi iliyowekwa Inafanyika huku hakuna anayeifanya ilijibandua ikarudi Bado, pembe moja baada ya nyingine, kama konokono anayejua anakokwenda. Saa nne, watu walipokwenda kunywa chai, kadi zote za katikati zilirudi Bado, na saa nne na nusu zikarejea zenyewe. Mkuu wa kitengo, ambaye chai yake huisha saa tano na nusu, alilalamika kwamba kadi zake zinamdhalilisha mbele ya wateja. Bwana Semina alipekua kitabu cha semina, akasema hakuna ukurasa unaokataza.

Jumatano zikaanza kutokea kadi ambazo hakuna aliyeziandika.

Kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa la neno lenyewe. Katika lugha hii mtu akiulizwa kama ameoa, amezaa, amejenga au amekula, hasemi hapana. Husema bado. Hata kikongwe wa miaka tisini aliyeishi peke yake maisha yake yote, ukimwuliza kama ana mchumba, atakujibu bado, na huna haki ya kumcheka. Ubao ulikuwa umeandikwa neno zito namna hiyo kwa kalamu nene, nao ukaanza kukusanya. Kila kadi ilikuja na mwandiko wa mwenyewe. Moja ilisema: Kumwomba radhi kaka yangu kwa yale maneno ya msibani. Mzee Mhuri aliitazama kwa karibu, akaitazama kwa mbali.

"Hii 'k' ni yangu," akasema. Akavaa koti, akatoka, akarudi baada ya saa mbili macho mekundu, akaisogeza kadi mpaka Tayari na kuendelea kugonga mihuri.

Bwana Semina alipata kadi saba, mojawapo ikimtaka arudishe ngazi ya jirani na nyingine amweleze mchumba wake umri wake wa kweli. Ngazi aliirudisha siku hiyo hiyo. Karani alipata kadi moja tu, ya kushona kifungo cha gauni la mama yake, akakishona jioni. Mkuu wa kitengo alipata kadi arobaini na moja.

Ilibidi zipangwe kwa tabaka. Alhamisi asubuhi karani alikuwa akizinyoosha zisifunike kadi za wateja alipofika kwenye moja iliyokuwa imefifia, rangi ya njano imekuwa kahawia, gundi imekauka lakini imeshika. Mwandiko ulikuwa wa mkuu, wa enzi zile alipokuwa bado anatumia wino wa buluu. Ilisema: Kusaini barua ya kumthibitisha karani kazini. Chini yake palikuwa na tarehe ya miaka kumi iliyopita.

Karani aliisoma mara mbili. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameambiwa kwamba barua yake iko makao makuu na inashughulikiwa. Alikuwa ameandika barua tisa za kukumbushia, na zote alizichapa yeye mwenyewe, pamoja na majibu yake. Aliingia chumba cha mkuu, akavuta trei ya chini kabisa, ile yenye vumbi, akaiona barua yake. Ilikuwa kamili, imepigwa chapa, ina kumbukumbu namba, na pale chini palikuwa na mstari mtupu. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto, na aibu juu yake, ya mtu aliyepita mbele ya trei hiyo kila siku kupeleka mafaili.

"Mkuu," akasema, "barua yangu iko hapa."

"Ahaa, hiyo!" Mkuu alifurahi kwa dhati, kama aliyekutana na rafiki wa zamani. "Unajua, dada yangu, barua kama hiyo huwezi kuisaini hivi hivi tu. Inataka mtu awe ametulia."

"Ijumaa ya wiki ijayo natimiza arobaini na tano, mkuu. Baada ya hapo mtu hathibitishwi tena. Ni kanuni."

"Kanuni naijua. Siku nane ni nyingi. Subira yavuta heri."

"Na ngojangoja huumiza matumbo, mkuu."

Mkuu alicheka, maana alipenda watu wanaojua methali. Akainuka, akaenda ubaoni, na mbele ya wote akaisogeza kadi ile kutoka Bado hadi Inafanyika. Kabla hajageuka, kadi ilikuwa imeshajibandua na kuanza safari ya kurudi.

Nyumbani karani aliishi na mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yamefungwa na mtoto wa jicho, la kushoto kabisa, la kulia likimwachia mwanga na vivuli. Daktari alikuwa ameshasema ni upasuaji wa nusu saa. Kilichotakiwa ni kitambulisho cha matibabu, ambacho hupewa watumishi waliothibitishwa pamoja na wazazi wao, si vibarua. Mama hakuwa mtu wa kulalamika. Alipika kwa kunusa, aliwajua majirani kwa viatu vyao, na kitu kimoja tu ndicho kilichomsumbua.

"Shangazi yako ananiambia una mvi," alisema jioni hiyo. "Nywele za mwanangu niambiwe na watu? Nataka nizione mwenyewe kabla hujazipaka rangi."

"Sizipaki, mama. Zinakusubiri."

"Na barua?"

"Bado. Lakini nimeiona."

"Kama umeiona, imekaribia," akasema mama, akampapasa kichwani kama anayetafuta mvi kwa vidole.

Jumatatu iliyofuata simu ililia kutoka makao makuu. Mkaguzi angekuja Jumatano kuona ubao huo uliokuwa ukisifiwa. Mkuu alisimama mbele ya kadi zake arobaini na moja, mikono kiunoni, akamwambia Bwana Semina afanye jambo. Bwana Semina alijaribu kuzibana kwa pini, zikapita na pini zake. Alijaribu kuzifunika kwa kalenda, kalenda ikaanguka. Mwishowe mkuu mwenyewe ndiye aliyepata wazo, na ni haki kusema lilikuwa wazo zuri. Aliagiza utepe mwingine mweusi uongezwe, na kati ya Bado na Inafanyika ipatikane safu ya nne. Juu yake iliandikwa Inasubiri.

Kadi zote arobaini na moja zilihamia huko na hazikurudi. Zilinata kama zimezaliwa pale. Ubao haupendi uongo, na uongo haukuwapo, kwa kuwa zilikuwa kweli zinasubiri, na hata mkuu akienda kunywa chai ziliendelea kusubiri bila kupumzika. Kufikia jioni kitengo kizima kilikuwa na kadi tatu tu katika safu ya Bado. Mkaguzi alikuja, akapiga picha, akauliza nani aliyebuni safu hiyo, akamshika mkuu mkono kwa mikono yote miwili. Mara baada ya hapo ofisi nyingine zikaomba utepe.

Karani hakukaa akitazama. Jumanne aliipeleka barua mezani kwa mkuu pamoja na kalamu iliyofunguliwa kifuniko. Mkuu alikuwa kwenye simu. Jumatano alikuwa na mkaguzi. Alhamisi asubuhi karani alijaribu kuisogeza kadi mwenyewe, lakini haikutoka ubaoni hata alipoingiza rula chini yake, maana haikuwa yake. Mzee Mhuri alimwona akihangaika, akaja na muhuri wake na kidau cha wino.

"Ningekugongea hata kumi, binti yangu. Lakini muhuri bila sahihi ni doa."

"Najua, mzee."

"Mfuate tena. Mfuate mpaka chooni."

Alimfuata hadi kwenye gari. Mkuu, mlango umefunguliwa nusu, alimtazama kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli.

"Nikuambie ukweli, dada yangu? Wewe ndiye kitengo hiki. Nikisaini leo, kesho watakuona huko juu, keshokutwa watakuhamisha. Mimi nitabaki na nani? Na Semina?"

"Ni macho ya mama yangu, mkuu."

"Mpe salamu zangu nyingi," akasema mkuu. "Kesho bila kukosa. Kesho nimetulia."

Ijumaa mkuu alikuja na keki. Aliinunua mwenyewe, akaibeba mwenyewe magotini njia nzima, na juu yake palikuwa pameandikwa arobaini na tano kwa sukari ya waridi. Saa nane dirisha la wateja lilifungwa na wote wakakusanyika. Mkuu alitoa hotuba. Alisema kuna wafanyakazi na kuna nguzo, na nguzo haihamishwi. Watu walipiga makofi, karani akakata keki vipande vilivyolingana, kama alivyozoea kukata karatasi. Saa tisa na dakika ishirini, dakika kumi kabla ya ofisi kufungwa, alimwekea mkuu barua mbele, kwenye kitabu kigumu ili asilazimike hata kutafuta meza.

Mkuu aliinua mikono yake. Vidole vyote vilikuwa na sukari ya waridi.

"Nitaichafua," akasema. "Kitu chako cha maana hivi, nikiweke mafuta? Jumatatu, kitu cha kwanza asubuhi, na mikono misafi."

"Jumatatu muda wangu utakuwa umepita."

"Siku mbili tu, dada yangu. Nani anahesabu?"

Jumamosi karani alimwambia mama yake kila kitu, pamoja na keki. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba asogeze kiti dirishani, penye jua, akamshika kichwa na kukielekeza kwenye mwanga, akakaa hivyo kwa muda mrefu akitazama kwa lile jicho la kulia. Hakuona kitu, na alisema hivyo. Wote wawili walilia kidogo, karani zaidi.

Jumatatu asubuhi kadi ya kahawia ilikuwa Tayari. Ilikuwa imevuka Inafanyika bila kusimama, na kwenye utepe palibaki alama ndogo ya gundi yake. Bwana Semina aliichunguza, akafungua kitabu cha semina, akakifunga.

"Hakuna tena la kusubiri," akasema polepole. "Kwa hiyo kazi imekwisha. Kiutaratibu iko sawa."

"Ubao hausemi uongo," akasema Mzee Mhuri, akaenda kukaa kwenye kiti chake, na siku hiyo mihuri yake yote iligongwa upande.

Kila Jumatatu, kadi za Tayari ziliondolewa na kuingizwa kwenye daftari la kazi zilizokamilika, na hiyo ilikuwa kazi ya karani. Alizibandua moja moja. Ya kahawia ilitoka kirahisi, kwa kucha tu. Aliandika kichwa cha kazi kama kilivyokuwa kwenye kadi, akaandika tarehe. Kwenye nafasi ya namna kazi ilivyokamilika alifikiri kidogo, kisha akaandika kwa mwandiko wake unaosomeka: Kwa kusubiriwa.

Alimpelekea mkuu daftari. Mkuu alikuwa na mikono misafi. Alisaini mistari yote tisa ya ukurasa huo bila kusoma, sahihi kubwa yenye mkia mrefu, akamwambia kwamba wiki hii wamevunja rekodi. Karani alipuliza wino ukauke, akafunga daftari, akaenda kufungua dirisha, maana foleni ilikuwa imefika barabarani.